Mashini ya mtu wa pili: uzito, batri na turnevisi

Wandugu wasomi, kila mwanzo wa mwaka wa masomo swali linarudi lile lile: "Mkubwa, ninunue mashini gani?" Na jibu linakuja haraka mno. Huyu anasema nunua MacBook, batri yake haichoki. Yule anasema nunua ThinkPad, ile njo chuma ya kweli. Wote wawili wako na kipande cha ukweli. Lakini wote wawili wanamshauri mtu bila kumuuliza jambo la kwanza: hiyo mashini itakuwa na umri gani siku utakayoinunua, na unataka ikufikishe wapi?

Tuseme wazi. Wengi wetu hatununui laptopu mpya. Tunanunua okazyo: mashini iliyofanya kazi miaka mitatu au minne kwenye ofisi ya Ulaya au ya Ghuba, ikapumzishwa, ikaingia kwenye katoni, ikafika sokoni kwetu. Sisi ni watu wa pili. Wakati mwingine ni wa tatu. Lakini video na makala zote tunazozitazama kabla ya kununua zinaandikwa kwa ajili ya mtu wa kwanza, yule anayefungua boksi. Zinapima batri siku ya kwanza, wembamba siku ya kwanza, mwendo siku ya kwanza. Hakuna anayepima mwaka wa sita, na mwaka wa sita njo kwetu.

Neno langu leo ni hilo moja: laptopu ihukumiwe kwa maisha yake ya pili. Tukiipima hivyo, sifa zinazosifiwa sana zinapungua thamani, na sifa ambazo hazitajwi kabisa zinapanda.

1. Mambo matatu yanayovutana

Laptopu yoyote inavutwa na kamba tatu. Ya kwanza ni wepesi: uweze kuibeba kutwa nzima bila bega kulalamika. Ya pili ni muda wa batri: uweze kufanya kazi wakati umeme haupo. Ya tatu ni uwezo wa kuifungua na kuibadilisha: kuongeza memwari, kuweka disiki kubwa zaidi, kutoa batri iliyochoka na kuweka nyingine.

Ukivuta moja, mara nyingi nyingine inalegea. Sababu yake haina uchawi. Batri ni uzito na nafasi. Sehemu inayoweza kutolewa inahitaji ganda lake, kifungo chake, soketi yake, na hivyo vyote vinakula milimita. Ukitaka mashini iwe nyembamba kabisa, unaondoa ganda la batri na kuibandika moja kwa moja ndani ya kiunzi. Unaondoa soketi za memwari na kuichomelea kwenye bodi. Mashini inapungua, na mlango wa fundi unafungwa.

Mvutano huu ni wa zamani. Osborne 1 iliyotoka mwaka 1981 iliitwa kompyuta ya kubeba, lakini ilikuwa na kilo karibu 11 na haikuwa na batri ndani. Uliibeba kama sanduku la msafiri, ukifika unatafuta pa kuchomeka. Toka siku hizo, kila kizazi cha mashini kimekuwa jibu jipya kwa swali hilo hilo: nani apewe nafasi, batri, mkono wa mbebaji, au turnevisi?

2. Siku ya bahasha

Jibu lililobadilisha soko lote lilitolewa San Francisco, Januari 2008. Steve Jobs alichukua bahasha ya karatasi, ile ya ofisi tu, akaichomoa ndani yake MacBook Air ya kwanza. Watu walipiga makofi. Ilikuwa na kilo 1.36, na upande wake mwembamba kabisa ulikuwa milimita 4. Dola 1,799.

Lakini tuangalie yale yaliyobaki nje ya bahasha. Memwari ilikuwa GB 2 iliyochomelewa, huwezi kuongeza. Batri ilifungwa ndani kwa skrubu, wakati laptopu nyingi za wakati ule ulikuwa unabonyeza kitasa tu na batri inatoka. Tundu la USB lilikuwa moja. Na batri yenyewe, kwa hesabu ya Apple, ilikuwa ya saa 5. Yaani mteja alitoa fungu la kubadilisha, akatoa na sehemu ya fungu la kudumu na umeme, ili apate wembamba.

Kama mashini hiyo ingebaki kitu cha matajiri wanaosafiri kwa ndege, nisingeandika. Shida ni kwamba ikawa mfano. Mwaka 2012 ikaja MacBook Pro ya kioo cha Retina: memwari imechomelewa, batri imebandikwa kwa gundi. iFixit, wale wa Marekani wanaofungua mashini na kuzipa alama, wakaipa 1 juu ya 10. Na makampuni mengine, badala ya kucheka, yakafuata. Polepole hata mashini za kazi, zile zilizotengenezwa kwa ofisi na mafundi wake, zikaanza kufungwa.

3. Mashini mbili mezani

Tuache historia, tuweke mezani mashini mbili ambazo ndugu zetu wanaziuliza kila siku: ThinkPad T480 ya mwaka 2018 na MacBook Air M1 ya mwisho wa 2020. Zote mbili leo ni okazyo. Zote mbili zinatosha kwa kuandika, hesabu, intaneti, kalenda ya familia, hata programu nzito kidogo. Ila zimejengwa kwa fikra mbili ambazo hazisalimiani.

T480 iko na batri mbili. Moja ya ndani, Wh 24, na moja ya nje nyuma ambayo unaichagua: Wh 24, 48 au 72. Ile ya nje unaitoa kwa kusukuma vitasa viwili, na mashini haizimiki kwa sababu ya ndani inaendelea kuishikilia. Iko na soketi mbili za memwari, disiki inatoka, klavye inabadilishwa peke yake. Uzito wake ni karibu kilo 1.6 ukiweka batri ndogo, na ukiweka ile kubwa bega litajua.

MacBook Air M1 ina kilo 1.29. Batri yake ni moja, Wh 49.9. Memwari iko pamoja na prosesere kwenye kifurushi kimoja, GB 8 au 16, na ile uliyonunua njo utakayozeeka nayo. Disiki imechomelewa. Haina feni. Apple iliiandikia saa 15 za intaneti na saa 18 za video.

Hapa lazima tufanye hesabu kidogo, juu namba za kwenye tangazo hazisaidii. Wh ni kiasi cha umeme kilichomo ndani ya batri. Unagawa Wh kwa wati ambazo mashini inakula, unapata saa. Tuchukue mfano wa kazi ya kawaida: Air inakula wati 5, T480 inakula wati 9. Air: 49.9 gawa kwa 5, saa 10 hivi. T480 yenye batri kubwa: 24 na 72 ni 96, gawa kwa 9, saa 10 na nusu. Wanafika karibu pamoja, lakini kwa njia mbili tofauti. Air inafika kwa kula kidogo. T480 inafika kwa kubeba chakula kingi.

Watetezi wengi wa T480 wanaruka jambo hili, na haifai. Kula kidogo ni sifa kubwa kwetu kuliko hata kwa mtu wa Paris. Yeye akiishiwa, anachomeka ukutani. Sisi, moto ukikatika toka asubuhi, tunachaji kwa pano ya jua ya nyumbani au kwa jenereta ya jirani. Saa 8 za kazi kwenye Air, kwa mfano wetu, ni Wh 40. Kwenye T480 ni 72. Hizo Wh 32 zilizozidi ni taa za nyumba kwa usiku mzima. Tena Air inachajiwa na chaja ya wati 30, pano ndogo inaiweza. Na kukosa feni maana yake ni kwamba vumbi la kiangazi haliingii kupitia hapo. Yeyote aliyeona feni ya laptopu ikifunguliwa Lubumbashi mwezi wa nane anajua ninasema nini.

Basi mshindi ni Air? Kama tunapima siku ya kwanza, ndiyo. Sasa tuzungushe kalenda.

4. Mwaka wa sita

Batri ya litiamu inazeeka hata ukiipenda namna gani. Inazeeka kwa kuchajiwa na kumalizwa, inazeeka kwa joto, inazeeka pia kwa kukaa imejaa kutwa nzima kwenye chaja. Apple yenyewe inahesabu mizunguko 1,000 kwa batri ya MacBook kabla ya kushuka kwenye asilimia 80. Kwa hiyo okazyo yoyote unayoshika tayari imekula sehemu ya maisha yake.

Turudie hesabu. Air yenye asilimia 80: Wh 40, saa 8. Bado heshima. T480 yenye batri zote mbili zimeshuka nusu: Wh 48, saa 5 tu. Kwa mtazamo huu Air inazidi kushinda. Lakini kwa T480 unanunua batri moja ya nje, unaipachika wewe mwenyewe, dakika moja, bila turnevisi. Ya ndani inabaki na 12, ya nje 72, jumla 84: saa 9 na zaidi. Miaka mitatu mbele unarudia tena. Kwa Air, batri inabadilika pia, si kweli kwamba haiwezekani. Lakini inataka turnevisi ya aina yake, inataka fundi anayejua kuvuta ile gundi bila kuitoboa batri, na inataka batri halisi ipatikane mji ulipo. Ukiwa Lubumbashi labda utampata huyo fundi. Ukiwa Uvira, Kindu ao Kalemie, utaituma mashini yako kwa mtu, na kusubiri.

Memwari nayo ni hivyo hivyo. Hapa lugha yetu inatuchekesha, juu tunaita "memwari" vitu viwili: ile ya ndani ya mashini, na ile kazi ya mwisho unayoiandika kabla ya kupata diploma. Nataka kuongea juu ya zote mbili.

Ile ya mashini: GB 8 zilikuwa nyingi mwaka 2020. Leo fungua kurasa kumi za intaneti, video ya masomo, Word na programu ya takwimu, utaona mashini inaanza kukohoa. Kwenye T480 unanunua kipande cha GB 8 ao 16, unapachika, mashini inarudi ujana. Kwenye Air ya GB 8, dawa ni kununua mashini nyingine.

Ile ya diploma: tuseme bodi ya mashini inakufa usiku mmoja. Umeme ulirudi kwa nguvu, ao chai ilimwagika, sababu hazikosi. Kwenye T480 disiki ni kipande kidogo chenye skrubu. Fundi anaitoa, anaiweka kwenye mashini nyingine, na kurasa zako 70 ziko pale pale. Onyo moja: kama Windows ilifunga disiki kwa BitLocker, utahitaji ule ufunguo mrefu, kwa hiyo uandike mahali. Kwenye Air disiki ni sehemu ya bodi. Bodi ikifa kabisa, kazi inaondoka nayo, isipokuwa ulikuwa na kopi kwingine. Mtu mwenye intaneti ya kudumu anasema "kopi ziko juu kwenye wingu". Sisi tunaohesabu megabaiti tunaelewa kwamba hilo wingu halinyeshi kila mtaa.

Hii njo hasira yangu na zile makala za siku ya kwanza. Zinaandika "haiwezi kufunguliwa" kama kasoro ndogo mwishoni, mstari mmoja, kisha nyota tano. Kwa mtu wa kwanza ni kasoro ndogo kweli, juu ataiuza kabla haijamuuma. Itamuuma yule mwenye kuipokea.

5. Lililolazimishwa na lililochaguliwa

Lakini ukosoaji wa haki unatenganisha. Si kila kilichofungwa kilifungwa kwa uroho wa biashara, na mtu akisema hivyo ajue wahandisi watamcheka.

Memwari iliyochomelewa ina sababu ya kweli. Zile memwari za nguvu ndogo zinazotumika kwenye laptopu nyembamba zinafanya kazi kwa volti ndogo na zinataka kukaa karibu sana na prosesere. Umbali mfupi, umeme mdogo, mwendo mkubwa. Sehemu ya zile saa nyingi za Air inatoka hapo. Hata Framework, kampuni ya San Francisco iliyozaliwa kwa ajili ya mashini zinazofunguka, iligonga ukuta huo. Laptopu yao ya 2021 ilipata 10 juu ya 10 kwa iFixit, na hadi leo unaweza kutoa bodi yake ya zamani na kuweka mpya ndani ya ganda lile lile. Lakini mwaka 2025 walipoonyesha kompyuta yao ya mezani yenye prosesere kubwa ya AMD, memwari ilikuwa imechomelewa. Mkuu wao Nirav Patel alieleza wazi kwamba walijaribu njia nyingine pamoja na AMD, na mwendo uliotakiwa haukupatikana. Kama hata hao wameinama, basi sheria ya maumbile iko hapo kweli.

Disiki iliyochomelewa ni hadithi nyingine. Disiki haitaki kukaa milimita chache na prosesere namna hiyo. Laptopu nyembamba kibao ziko na disiki inayotoka kwa skrubu moja, na hazikuwa nzito kwa hilo. Apple yenyewe, kwenye Mac mini ya 2024, iliweka disiki kwenye kipande kinachochomoka. Kwa hiyo pale kwenye Air hatuoni maumbile, tunaona uamuzi. Na uamuzi huo unaleta faida kwa mwenye kuuza: ukitaka nafasi zaidi, unalipia kwake, siku ya kununua, kwa bei yake.

Tuwe wa haki pia kwa upande wa pili. Lenovo, wenye ThinkPad, mwaka 2019 walitoa T490 mahali pa T480. Batri ya nje ikaondolewa. Soketi moja ya memwari ikaondolewa, kipande kimoja kikachomelewa. Tulipata nini? Mashini ilipungua unene karibu milimita 2. Milimita mbili, wandugu! Watu waliotaka mashini nyembamba walikuwa tayari na X1 Carbon ya kampuni hiyo hiyo. Mashini ya fundi ikapewa nguo ya harusi isiyomtosha.

Na ushahidi kwamba haikuwa lazima ulikuja toka kwao wenyewe. Mwaka 2024 wakatoa T14 Gen 5, waliyoitengeneza wakisikiliza iFixit: soketi mbili za memwari zikarudi, batri ya ndani ikawa rahisi kubadilisha, alama ikawa 9 juu ya 10. Mwaka ule ule ikaingia sokoni ndani ya ThinkPad P1 aina mpya ya memwari, LPCAMM2: ni ile memwari ya nguvu ndogo, lakini imewekwa kwenye kipande kinachofungwa kwa skrubu. Maana yake hata ule ukuta wa maumbile umeanza kupata mlango. Na Umoja wa Ulaya umeandika kwenye sheria yake ya batri ya 2023 kwamba, kuanzia 18 Februari 2027, batri za vifaa vya kubeba ziweze kutolewa na kubadilishwa na mtumiaji mwenyewe. Sheria hiyo haikuandikwa kwa ajili yetu. Lakini mashini za ofisi za Ulaya za 2027 njo okazyo zetu za 2031.

Kwenye jambo hili tuna haki ya kusema kuliko tunavyodhani. Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka kwetu, na Kolwezi hakuna asiyeijua. Batri nyingi za laptopu ziko na kobalti ndani. Madini yanatoka huku mabichi, yanazunguka dunia, yanarudi yakiwa yamebandikwa kwa gundi ndani ya mashini, na siku batri imechoka tunaambiwa tutupe mashini nzima. Kila mashini inayotupwa mapema ni shimo lingine linalochimbwa mapema. Mtu akisema kufunguka kwa mashini ni suala la wapenda turnevisi tu, mkumbushe hilo.

6. Na sisi wenyewe

Sasa tujikosoe kidogo, juu si vizuri kusema wengine tu.

Kuna ndugu anayenunua MacBook ya GB 8 kwa sababu ya tufaha lililo mgongoni. Anataka aonekane amefika. Sio dhambi kupenda kitu kizuri. Lakini ukitumia pesa ambayo mama aliuza mihogo miezi kadhaa kuipata, tufaha lisiwe sababu ya kwanza. Tena angalia: MacBook ya okazyo ambayo mwenyewe wa zamani hakuitoa kwenye akaunti yake ni bamba la chuma tu. Isifungue mkoba kabla hujaiona inawashwa upya, inafutwa, na inakubali jina lako.

Kuna na wapenzi wa ThinkPad, ambao kwao kila kitu cheusi kizito ni kizuri. Hao nao watulie. T480 yenye batri bandia haina faida yoyote, na batri bandia sokoni ziko mingi: lebo inasema 72, ndani kuna nusu yake. T470, dada yake mkubwa wa mwaka mmoja, inafanana naye sana, lakini prosesere zake haziko kwenye orodha ya Windows 11, na Windows 10 ilifungiwa mlango 14 Oktoba 2025. Kama hauko tayari kutumia Linux, mwaka huo mmoja una uzito. Na kuna nywila za ndani kabisa, zile za kabla ya Windows, ambazo mashini za ofisi zinakuja nazo na muuzaji anacheka tu.

Kwa hiyo, mbele ya muuzaji, acha maneno, omba vipimo. Kwenye Windows fungua ile dirisha nyeusi ya amri, andika powercfg /batteryreport, utapewa ripoti: batri ilizaliwa na Wh ngapi, leo inashika ngapi. Kwenye Mac nenda kwenye maelezo ya mfumo, soma idadi ya mizunguko. Muuzaji akikataa, umepata jibu lako.

7. Hukumu

Kama wewe unatembea kila siku, unachaji kwa jua, kazi yako ni kuandika na kusoma, na umepata Air M1 ya GB 16 yenye batri nzima, ichukue bila aibu. Ni mashini nzuri sana. Ila siku hiyo hiyo nunua na disiki ya nje, na kila Jumapili jioni weka kopi ya kazi yako. Bila hiyo kopi, sikushauri.

Ya GB 8 simshauri mtu anayeanza licence leo. Itamfikisha mwaka wa pili, itamchosha mwaka wa tatu, na pale hakuna fundi wa kumwokoa.

Kwa wengine wote, hasa yule ambaye mashini hii njo ya kwanza na labda itarithiwa na mdogo wake, nunua ile inayofunguka. T480, ao nyingine yoyote yenye soketi za memwari na disiki inayotoka, hata kama bega litasikia. Anza na GB 8 kama mfuko ni mdogo. Ongeza ukipata. Badilisha batri ikichoka. Hivyo unalipia mashini yako kidogo kidogo, namna tunavyojenga nyumba huku kwetu: leo tofali, mwakani bati.

Wembamba unaonekana dukani, siku moja. Uwezo wa kufunguliwa hauonekani kabisa, mpaka ile usiku mashini inazima na kesho njo siku ya kuweka memwari mezani kwa profesa. Wakati huo utataka kusikia fundi anasema: "Lete turnevisi, tutoe disiki."